Jino la Kauri na Jiwe la Kusagia



Mzazi mmoja wa hapa kwetu Mbalizi, ambaye mwanawe amesoma katika chuo chetu tangu udogoni, alitujia baada ya sala ya Ijumaa akiwa na huzuni. Kijana wake, mwenye umri wa miaka 20, alianguka na pikipiki katika barabara kuu iendayo Tunduma, akavunja jino la mbele la juu, nusu yake ikaenda. Daktari wa meno amemwambia kwamba mzizi ni mzima na jino laweza kuvikwa kofia, na kofia ziko za namna tatu: ya dhahabu, ya kauri ya zamani, na ya kauri mpya iitwayo zirkonia. Basi mzazi huyu akatuuliza mambo mawili. La kwanza, je, dhahabu yajuzu kwa mwanamume? La pili, katika hizo, ni ipi idumuyo zaidi? La kwanza tulimjibu palepale. La pili tukamwomba muda, kwa sababu jambo hilo sisi tumelijua kwa kuumia, na swali lenyewe tuliona halikukaa mahali pake.

Tumeona jibu lile tuliandike hapa, maana haja hii si ya nyumba moja.

Fahamuni kwamba mwalimu wa Qur'ani hawezi kulidharau jino la mbele. Herufi tatu, thaa na dhaal na dhwaa, makhraji yake ni ncha ya ulimi pamoja na ncha za meno mawili ya mbele ya juu. Na faa hutoka baina ya ncha za meno hayohayo na tumbo la mdomo wa chini. Mtoto aliyeng'oka meno ya utoto twamvumilia mpaka yaote mengine. Lakini mwalimu je? Miaka kadha iliyopita nasi tulivunjika jino kama hilo, kwa sababu isiyo na fahari yoyote: mfupa wa nyama ya Idi. Siku ya pili chuoni tukasikia watoto wadogo wote wanaisoma thaa kama siin. Tukawakunjia uso tukidhani wanatudhihaki, kumbe maskini wanatufuata.

Tukaenda katika mji mmoja mkubwa tukavikwa kofia ya kauri. Ilikuwa nzuri, rangi yake haikubagukana na jirani zake. Ila tulipofunga kinywa, kofia ile ilitangulia kugonga meno ya chini. Aliyetutibu akachukua kijiwe chake kinachozunguka, akaichonga kwa nyuma kidogo kidogo, mpaka meno yakakutana sawa; kisha akatuambia twende kwa salama. Hakuilainisha pale alipochonga, wala hakuirejesha motoni. Nasi hatukujua kama kuna la kuuliza. Hatumtaji jina wala hatutaji mahali. Twasimulia lililotupata tu.

Ilipita miaka mitatu. Anayeijua Mbalizi anajua maji ya mfereji ya alfajiri ya mwezi wa Juni. Tulikuwa tukitawadha, tukatia maji kinywani ili tusukutue, tukaruka kama tuliochomwa sindano. Tulipopambazukiwa tukachukua kioo. Kofia ya kauri ilikuwa vilevile kama siku ile tuliyovikwa, haina hata alama. Lakini meno mawili ya chini yanayokutana nayo yalikuwa yamefupika, na juu yake yamefanya kama kijifereji, na ndani ya kijifereji kile imetokea rangi ya manjano. Kauri ilidumu, tena ilidumu mno. Kilichokwisha ni sisi.

Ndiyo maana tulimwambia mzazi yule kwamba swali la ipi idumuyo ni nusu ya swali. Nusu yake ya pili ni hii: je, jino la Mwenyezi Mungu linalokabiliana nayo litadumu?

Tabibu wa meno wa Mbeya aliyetutazama baadaye alitueleza mambo kwa upole, na mengine tukayatafuta wenyewe kwa kusoma na kuuliza. Gamba la juu la jino, ambalo wataalamu huliita enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, kigumu hata kuliko mfupa. Juu ya hivyo, nalo hulika. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1989 vilionyesha kwamba enameli ikikutana na enameli, magego makubwa hupungua kiasi cha mikroni 29 kwa mwaka, na magego madogo kiasi cha mikroni 15. Mikroni ni sehemu moja katika sehemu 1,000 za milimita. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi. Basi mtu huchukua miaka miwili au mitatu kupoteza unene wa unywele katika magego yake, na kwa mwendo huo meno humfikisha mtu uzeeni. Lakini enameli haioti tena. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka hurejea. Enameli chembe zake zilizoijenga hufa kabla jino halijachomoza, na kilichokwenda kimekwenda. Chini yake ipo tabaka ya manjano iliyo laini zaidi na yenye kuhisi, na hiyo ndiyo iliyotutoa machozi pale mferejini.

Sasa, watu wengi hudhani kwamba kitu kigumu ndicho kilacho kilicho laini, na kwa hiyo kauri ikiwa ngumu zaidi ndivyo itakavyolila jino zaidi. Hata sisi tulidhani hivyo. Si kweli, na aliyelithibitisha hilo kabla ya maabara yoyote ni bibi zetu.

Nani katika watu wa nyanda hizi, mwenye umri kama wetu, asiyekumbuka jiwe la kusagia ulezi? Jiwe la chini pana, la juu dogo la kushikwa kwa mikono miwili. Jiwe lile likitumika siku nyingi hulainika, likang'aa. Je, hapo lilisaga vizuri zaidi? La. Lilipong'aa, ulezi uliteleza juu yake ukatoka mzima, na bibi akaghadhibika. Basi akachukua jiwe jingine gumu, akaligonga-gonga lile la chini uso mzima mpaka likarudi kuparuza. Kisha akasaga, na unga ukatoka. Jiwe lilikuwa lilelile, na ugumu wake uleule wa jana. Kilichobadilika ni uso wake. Hivyo fundi anayeichonga kofia ya kauri kinywani mwa mtu, akaiacha na mikwaruzo ya kijiwe chake, amefanya kazi ileile ya bibi: amelitia jiwe makali ya kusagia. Na ulezi wenyewe ni jino la chini.

Kauri ya zamani ina sababu nyingine ya kusaga. Ndani yake si kitu kimoja. Ni kioo kilichoshika punje ndogo ndogo ngumu. Sehemu kubwa yake ni jiwe liitwalo feldspa lililoyeyushwa. Mafundi huipitisha motoni mara ya mwisho ili juu yake ipate ngozi nyembamba ya kioo inayong'aa, na mgonjwa huipenda kwa mng'ao ule. Ngozi hiyo haidumu. Kwa kutafuna kila siku hulika katika miezi au miaka michache. Ikilika, na chini yake hapakulainishwa tangu mwanzo, hutokea punje zile zimesimama kama changarawe, na nyingine humeguka zikawa mchanga baina ya jino na kofia. Kwa hiyo mng'ao wa moto peke yake usimdanganye mtu. Kwanza uso ulainishwe kwa gurudumu za mpira na dawa yenye unga wa almasi, kutoka punje kubwa hadi ndogo kabisa, ndipo upewe moto kama kuna haja.

Jambo hili nalo si geni kwetu. Waliofika Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wanavijua vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vinavyoletwa kwa mitumbwi na kuuzwa mpaka Kyela na Tukuyu na Mbeya mjini. Mwanamke wa Kikisi hakitii chungu motoni kikiwa na alama za vidole. Hukisugua kwa kokoto laini, hukisugua tena, mpaka uso unatulia. Laiti fundi wetu wa jino angalipitia Matema kwanza.

Kwa kuwa tumegusa kauri, na vijana hupenda kujua asili za mambo, tuwape khabari kidogo. Zamani Ulaya meno ya bandia yalichongwa kwa pembe na mifupa, na khasa kwa meno ya kiboko, ambayo Zanzibar katika karne ya 19 iliyauza ng'ambo pamoja na pembe za ndovu. Yalinuka na kuoza. Mwaka 1774 mwuza dawa mmoja wa karibu na Paris, Alexis Duchâteau, alichoka na meno yake ya pembe yaliyokuwa yakinywa harufu za dawa zake, akaona vyombo vyake vya kauri havinuki wala havishiki doa, akataka meno ya kauri. Daktari wa meno Nicolas Dubois de Chémant aliiendeleza kazi hiyo. Na neno lenyewe ni la ajabu: sisi twaita kauri chombo cha Kichina na twaita kauri simbi ya baharini, na Waitalia nao walikipa chombo kile jina la simbi ileile, kwa mng'ao wake. Bahari mbili, fikira moja. Tusiendelee, tusije tukasahau jino.

Zirkonia ni kauri pia, lakini haina kioo ndani yake. Malighafi yake ni mchanga wa zirkoni, na mchanga huo umechimbwa jirani, huko Kwale katika pwani ya Kenya, tangu mwaka 2013 mpaka mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Sehemu kubwa ya mchanga wa namna hii duniani huenda katika vigae na vyombo, na kidogo tu hufika kinywani. Nguvu yake ina siri iliyoelezwa na wataalamu wa Australia mwaka 1975. Ufa ukianza kupita ndani yake, chembe zilizo kwenye ncha ya ufa hubadili umbo na kuvimba, zikaubana ufa usiendelee. Kauri ya zamani huvunjika kwa mkazo wa megapaskali 100 hivi au pungufu. Zirkonia ya namna iliyo imara huhimili 900 na zaidi. Baina ya hizo mbili iko kauri ya lithiamu, nayo hufika karibu 400, na madaktari wengi huipenda kwa meno ya mbele kwa sababu nuru hupita ndani yake kama ipitavyo katika jino.

Ugumu wa uso wa zirkonia ni zaidi ya mara tatu ya ugumu wa enameli. Mtu akisikia hivyo atasema: basi hiyo ndiyo itakayotumaliza. Wataalamu nao waliogopa hivyohivyo. Wakatengeneza mashine za kutafuna, wakaweka meno ya watu yaliyong'olewa yakutane na kauri za kila namna, mara laki nyingi. Wakaona kwamba zirkonia iliyolainishwa vizuri huila enameli kidogo kuliko kauri ya zamani, tena kidogo kuliko zirkonia hiyohiyo iliyopakwa ngozi ya kioo tu. Sababu ni ile ya jiwe la bibi: chembe za zirkonia ni ndogo mno na zimeshikana, hivyo ikishalainika hubaki laini, haitoi changarawe. Lakini ole wake aliyechongewa zirkonia kinywani ikaachwa na mikwaruzo. Mikwaruzo ya kauri ya zamani huenda ikapungua kwa kusuguana. Ya zirkonia haina haraka ya kupungua, maana hakuna kinywani kitu cha kuisugua kikaishinda.

Turejee kwa dhahabu, maana wengi wataifungua kurasa hii kwa ajili yake. Kwa kazi ya kutafuna, aloi ya dhahabu ni rafiki wa jino la pili. Si ngumu mno, hulika pamoja nalo kwa mwendo wa karibu. Ama kwa sharia, mwanamume ameharimishiwa kujipamba kwa dhahabu, lakini haja ina mlango wake. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea khabari ya sahaba Arfaja bin Asad, aliyekatika pua siku ya Kulab, akaweka pua ya fedha ikamwozea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru aweke ya dhahabu. Kwa kisa hicho Mashafii, nao ndio wengi katika Waislamu wa nchi zetu hizi, wanaruhusu jino la dhahabu kwa mwenye kuhitaji. Imam Nawawi katika Minhaj amelivua jino katika katazo, pamoja na pua na ncha ya kidole. Abu Hanifa amepokewa kwamba yeye alipendelea fedha katika kufunga meno, na mwanafunzi wake Muhammad akaruhusu dhahabu. Basi mzazi yule tulimwambia: inajuzu kwa haja, si kwa pambo. Na kwa kuwa leo iko kauri ya kufanya kazi hiyo na haionekani kwa mtu, sisi twaona moyo utatulia zaidi katika kauri. Ama dasturi ya baadhi ya watu ya kuchonga jino zima lisilo na ugonjwa ili livikwe dhahabu lichekelee arusini, hiyo hatuihesabu katika haja. Ni kulitia jino ugonjwa kwa mkono wetu wenyewe, hata kama aliyevaa ni mwanamke aliyehalalishiwa dhahabu. Na kofia iliyogandishwa jinoni haimtaabishi mtu katika josho lake. Kwa Mashafii kusukutua ni sunna, na kwa wanaokufanya faradhi, kisichoweza kutolewa ila kwa madhara kimesamehewa.

Yako na mambo ya nyumbani, wala hayahitaji daktari. Nafaka iliyoanikwa chini, ikafagiliwa pamoja na vumbi, husagwa na vumbi lake. Punje nyingi za mchanga ni za kwazi, na katika daraja za ugumu wa mawe, kwazi ni ya 7, feldspa ni ya 6, na enameli ni ya 5; kwa hiyo ugali wenye mchanga huila kauri ya zamani na jino pamoja, na turubai la kuanikia ni rahisi kuliko kofia. Wanaosugua meno kwa majivu, mkaa wa kutwanga au unga wa tofali wakitaka weupe, wanapata weupe wa siku chache na kuondoa kile kisichorudi. Mswaki wa mti ni sunna iliyosisitizwa, na uzi wake laini uliolowana hautishi. Tatizo ni kinachopakwa juu yake. Ndimu, ukwaju na soda hulainisha enameli kwa muda. Aliyekunywa asukutue kwa maji, apige mswaki baadaye kidogo, si hapohapo. Na anayesaga meno usingizini, kama mkewe au mumewe atakavyoshuhudia, amwambie daktari kabla hajavikwa chochote, kwani iko kinga ya plastiki ya kuvaa usiku.

Kwetu sisi, tabibu wa Mbeya hakuing'oa kofia yetu. Aliilainisha kwa nyuma, kwa gurudumu tatu moja baada ya nyingine, kazi ya nusu saa. Kisha akayafunika meno mawili ya chini kwa dawa nyeupe ya kuzibia. Akatuambia tupitishe ulimi. Ulimi, alisema, huhisi mparuzo ambao jicho halioni. Tulipopitisha ulimi tukajua kwamba kwa miaka mitatu tulikuwa tukiuhisi mparuzo ule kila siku, na kwamba tuliuzoea tukadhani ndivyo kauri ilivyo. Mpaka sasa Juni ikifika twatia maji ya moto katika birika la udhu, na watoto wa chuo hutucheka.

Kijana wa mzazi yule alichagua zirkonia. Tulimtuma kwa daktari wake na maneno machache: akishachonga ili meno yakutane, asimwache ainuke kitini kabla hajalainisha pale alipochonga. Alhamisi iliyopita alitujia chuoni. Tukamsomesha Suratul Kawthar, ambayo aya yake ya kwanza ina thaa, na thaa ilitoka safi mahali pake. Kisha tukamwambia apitishe ulimi nyuma ya jino, taratibu, kutoka ufizini hadi ncha. Akapitisha, akanyamaza, akarudia. Akasema, "Mwalimu, hapa pembeni pananiparuza kidogo." Daktari wake amempangia arudi Jumatatu.